Je, Wajua? Kutoka Watoto Wanane Hadi Watatu: Nusu Karne ya Uzazi Nchini Kenya

Je, wajua kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilitajwa kuwa nchi yenye uzazi mkubwa kuliko zote zilizofanyiwa utafiti duniani? Utafiti wa uzazi wa mwaka 1977 na 1978 ulikuta wastani wa watoto 8.1 kwa kila mwanamke. Huo ni wastani tu. Kwa kila mama aliyeishia watoto watano, palikuwa na mwenzake mwenye kumi na mmoja.

Je, wajua kwamba mwaka 2022 wastani huo ulikuwa 3.4? Msichana aliyezaliwa mwaka 1978, wakati wa utafiti ule wa kwanza, alikuwa na miaka 44 utafiti wa 2022 ulipofanyika. Mamake alijifungua mara nane, yeye mara nne, na binti yake huenda akaishia wawili au watatu. Vizazi vitatu hivyo bado huketi pamoja Krismasi au Idi ikifika.

Je, wajua hesabu hiyo hupatikanaje? Watu wengi hudhani wataalamu huwauliza bibi wazee wamezaa wangapi, kisha wakagawanya. Sivyo. Huangaliwa wanawake wa umri wote kuanzia miaka 15 hadi 49, na ni wangapi kati yao waliojifungua katika miaka michache iliyotangulia utafiti. Kisha hukadiriwa: mwanamke mmoja akipita umri wote huo akizaa kwa kasi hiyo hiyo, atapata watoto wangapi? Ndiyo maana kiwango hiki hubadilika haraka kuliko idadi ya watoto unaowaona nyumbani kwa jirani yako mwenye miaka hamsini. Hicho kinaeleza ya leo, naye jirani anaeleza ya jana.

Je, wajua kwamba kabla ya kushuka, uzazi Kenya ulipanda kwanza? Sensa ya 1962 iliashiria watoto 6.8 kwa kila mwanamke, ya 1969 ikaashiria 7.6, na ya 1979 ikaashiria 7.9. Hili huwashangaza wengi, kwa sababu tumezoea kusema kwamba wazee wetu wa kale walizaa bila kupanga. Walipanga. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mama alinyonyesha miaka miwili au zaidi, na mume na mke walitengana kwa muda huo. Pwani, aliyekiuka alionywa kwamba atambemenda mtoto, yaani mchanga angedhoofika kwa sababu wazazi wamerudiana mapema mno. Shule, kazi za mjini, maziwa ya kopo na maisha ya wanandoa mbali na macho ya shangazi na nyanya vililegeza mwiko huo kabla ya njia za kisasa za kupanga uzazi kuwafikia watu. Wakati huohuo tiba bora iliwapa uwezo wa kuzaa wanawake ambao zamani wangebaki tasa kwa maradhi yanayotibika. Utaratibu wa kale ulikuwa umeondoka, na mpya haujafika. Kati ya hapo na hapo ndipo familia za watoto wanane zilipozaliwa.

Je, wajua kwamba Kenya ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa taifa wa uzazi wa mpango? Ulianza mwaka 1967. Miaka miwili kabla yake, wizara ya mipango ya uchumi iliyoongozwa na Tom Mboya ilikuwa imewaalika wataalamu kutoka nje kuja kulichunguza suala la ongezeko la watu. Chama cha upangaji uzazi cha hiari kilikuwapo tangu 1962.

Je, wajua mpango huo ulifanikiwa kiasi gani katika miaka yake kumi ya kwanza? Kidogo mno. Mwaka 1978 ni asilimia 7 tu ya wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi, ya asili au ya kisasa. Kliniki zilikuwa chache na mbali, na zilifunguliwa siku fulani fulani tu. Ila lipo kubwa zaidi ya hilo: wanawake walipoulizwa wangependa kuwa na watoto wangapi, wastani wa jibu lao ulizidi saba. Huwezi kumpa mtu dawa ya kuzuia kitu anachokitamani. Serikali ilikuwa na mpango. Wananchi hawakuwa na haja nao, na walikuwa na sababu zao: watoto walikufa sana, shamba lilitaka mikono, na uzeeni hapakuwa na pensheni ila mwana.

Wajua asilimia 3.8 ni nini? Ni kasi ambayo sensa ya 1979 ilionyesha watu wa Kenya wakiongezeka kwayo kila mwaka. Kwa kasi hiyo nchi hujikuta na watu mara mbili katika muda wa miaka 18 au 19. Kenya ilikuwa na watu milioni 10.9 mwaka 1969, milioni 15.3 mwaka 1979 na milioni 21.4 mwaka 1989. Hesabu ilikuwa ikitimia mbele ya macho ya watu, katika kila darasa lililojaa na kila shamba lililogawanywa. Mwaka 1982 likaundwa Baraza la Taifa la Idadi ya Watu na Maendeleo, likawekwa chini ya ofisi ya Makamu wa Rais, ambaye wakati huo alikuwa Mwai Kibaki, mchumi kwa elimu yake. Rais Moi mwenyewe alianza kulizungumza jambo hili hadharani. Hapo ndipo chifu na mwalimu walipoweza kulitaja barazani bila kuona haya.

Je, wajua kwamba mwaka 1987 mtaalamu mashuhuri wa elimu ya idadi ya watu, John Caldwell wa Australia, pamoja na mkewe Pat, walichapisha makala iliyoeleza kwa nini uzazi wa Afrika ungekuwa mgumu kushuka? Walisema ukoo, mizimu ya mababu na hofu ya kufa bila kizazi vilikuwa na mizizi mirefu kuliko kampeni yoyote. Walikuwa watu makini walioifahamu Afrika vizuri. Miaka miwili baadaye utafiti wa 1989 ukaonyesha uzazi wa Kenya umeshuka hadi 6.7. Kufikia 1992, Caldwell huyohuyo na wenzake walikuwa wakiandika juu ya kushuka kwa uzazi barani Afrika kama jambo lililokwisha kuanza.

Je, wajua kwamba ushukaji mkali zaidi ulitokea kati ya 1989 na 1993? Fuata mstari: 7.7 mwaka 1984, 6.7 mwaka 1989, 5.4 mwaka 1993, 4.7 mwaka 1998. Watoto watatu kamili waliondoka katika wastani ndani ya miaka 14, tena bila sheria ya kumlazimisha mtu na bila faini kwa mtoto wa tatu. Wakenya waliamua wenyewe, nyumba baada ya nyumba, na mimi naliona hilo kuwa mojawapo ya mambo makubwa yaliyofanywa na watu wa kawaida wa nchi hii tangu uhuru, ingawa halina sikukuu wala sanamu.

Na waliamua kwa nini? Ardhi kwanza. Katika nyanda za kati na magharibi, baba aliyerithi ekari sita aliwatazama wanawe sita na kuhesabu. Pili, shule. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliongeza masomo, vitabu, vifaa na majengo ambayo wazazi waliyagharimia, na mwishoni mwa muongo huo sera ya kuchangia gharama ikaongeza mzigo. Mtoto aliyekuwa mkono wa shambani akawa karo ya kila muhula. Tatu, watoto walikuwa wamekwisha kuanza kuishi, kutokana na chanjo, maji ya chumvi na sukari kwa mwenye kuhara, na zahanati zilizosogea karibu. Mama asiyeogopa kuzika hana sababu ya kuzaa wa akiba. Ukiyaweka hayo matatu pamoja, utaelewa kwa nini wanawake waliotaka watoto zaidi ya saba mwaka 1978 walisema mwaka 1989 kwamba wangependa 4.4.

Wajua kwa nini nne na si mbili? Sababu zilikuwa nyingi, ila tazama hii moja. Kwa desturi ya Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na wa kike vivyo hivyo kwa nyanya zao. Ili wazee wote wanne wapate majina, wahitajika wana wawili na mabinti wawili, na Mungu hatoi kwa utaratibu huo. Hata hivyo katikati ya nchi ndiko uzazi ulikoshuka mapema na mbali zaidi. Wengi wamepata njia ya kuwaheshimu wazee kwa watoto wawili au watatu.

Je, wajua kwamba tamthilia nazo zilichangia? Mwaka 1987 Sauti ya Kenya ilianza kuonyesha *Tushauriane* katika televisheni, na redioni ikatangaza *Ushikwapo Shikamana*. Zote mbili zilitungwa kwa Kiswahili ili familia zizungumze juu ya ukubwa wa familia, na zilifuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico: mhusika mmoja mwema, mmoja mwovu, na wa tatu anayesitasita katikati kama msikilizaji mwenyewe. Katika nchi ambamo mume na mke wangeweza kuishi miaka ishirini bila kulitaja jambo hili, mhusika wa redioni alilitamka kwa niaba yao, kisha mmoja akamgeukia mwenzake.

Je, wajua kwamba Tanzania ndiko nguvu ya mchezo wa redio ilikopimwa kwa makini zaidi? *Twende na Wakati* ulianza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, pamoja na yule dereva wa lori, Mkwaju, ambaye kila msikilizaji wa wakati ule anamkumbuka kwa tabia zake. Kwa makusudi kituo cha Dodoma hakikuurusha kwa miaka miwili ya mwanzo ili watafiti walinganishe. Kwingineko matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda, Dodoma yakabaki nyuma. Mchezo ulipofika Dodoma mwaka 1995, huko nako yakapanda.

Je, wajua kwamba baadaye mstari ule wa uzazi uliacha kushuka? Hili ndilo ningependa kila mbunge alijue, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Mwaka 1998 uzazi ulikuwa 4.7. Mwaka 2003 ulikuwa 4.9. Matumizi ya njia za kupanga uzazi yalikuwa asilimia 39 mwaka 1998, na mwaka 2003 yakawa asilimia 39 hiyohiyo. Utafiti wa 2003 ulikuwa wa kwanza wa aina yake kuingiza kaskazini yote ya nchi, ambako uzazi ni mkubwa, lakini hata ukiiondoa kaskazini, ushukaji ulikuwa umekatika.

Sababu hazikuwa fumbo. Ukimwi, uliotangazwa janga la kitaifa mwaka 1999, ulivuta fedha, wauguzi na mawazo ya wizara. Wafadhili waliokuwa wakigharimia uzazi wa mpango walihamia kwingine. Mwaka 2001 Marekani ilirudisha masharti ya kuyanyima fedha mashirika ya nje yanayojihusisha na utoaji mimba au hata kuutetea, na mashirika ya Kenya yaliyokataa kutia saini yakafunga kliniki kadhaa. Mama akifika akaambiwa sindano zimekwisha, arudi mwezi ujao, huo mwezi ujao hupata mimba. Na kulikuwa na jambo la huzuni zaidi: vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa vimepanda tena, kutoka takriban 90 kwa kila watoto 1,000 mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 115 kufikia 2003. Watoto walipoanza kufa upya, sababu moja ya kuzaa wachache iliondoka.

Usidhani wanawake walikuwa wamebadili nia na kutaka watoto wengi tena. Mwaka huohuo wa 2003, kama wangezaa wale tu waliowataka, wastani ungekuwa 3.6. Kati ya 3.6 na 4.9 mna zaidi ya mtoto mmoja kwa kila mwanamke, aliyezaliwa kwa sababu kabati la dawa lilikuwa tupu au kliniki ilikuwa mbali. Mtoto huyo alipendwa alipofika, bila shaka. Lakini mamake hakuwa ameulizwa.

Wajua mstari ulianza lini kushuka tena? Ulifika 4.6 mwaka 2008 na 2009, kisha 3.9 mwaka 2014. Katika miaka hiyo vyandarua na dawa za malaria zilienea, na vifo vya watoto vikashuka hadi 52 kwa kila 1,000 mwaka 2014, na 41 mwaka 2022. Elimu ya msingi bila malipo iliyorudi Januari 2003 ilikuwa imewaweka wasichana wengi darasani. Nazo njia za kupanga uzazi zilifikia asilimia 58 ya walioolewa.

Je, wajua kwamba bei ya kijiti chembamba cha plastiki ilibadili mengi? Kipandikizi huwekwa chini ya ngozi ya mkono na kumkinga mwanamke kwa miaka kadhaa. Kilikuwa ghali mno kwa nchi maskini hadi mwaka 2013, makubaliano ya kimataifa yalipoishusha bei yake kwa takriban nusu. Mwaka 2014, asilimia 10 ya wanawake walioolewa Kenya walikitumia. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 19, karibu sawa na sindano ya kila miezi mitatu iliyokuwa ikiongoza kwa miaka mingi. Kwa mama anayeishi kilomita ishirini kutoka zahanati, safari moja badala ya kumi na mbili ni jambo kubwa.

Je, wajua ni nani anayebeba kazi hii yote? Wanawake. Sindano, kipandikizi, kidonge na kitanzi vyote huingia katika mwili wa mke. Wanaume waliofunga uzazi hawafiki hata asilimia moja, ingawa upasuaji wao ni mwepesi na mfupi kuliko wa mwanamke.

Je, wajua kwamba ndani ya Kenya mna nchi zaidi ya moja? Mwaka 2014 kaunti ya Kirinyaga ilikuwa na uzazi wa 2.3, na Wajir 7.8. Pasipoti moja, bendera moja, na tofauti ya watoto watano na nusu. Mwaka 2022 wanawake walioolewa waliotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 75 huko Embu, na asilimia 2 huko Mandera. Wapo wanaosema tofauti hiyo ni ya dini au ukaidi. Nawasihi watazame upya. Iran, nchi ya Kiislamu, ilishuka kutoka zaidi ya watoto sita kwa kila mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi karibu wawili kufikia mwaka 2000. Tofauti ya Mandera ni ya shule zilizochelewa, barabara zilizochelewa na wakunga wachache, na ya ufugaji ambao bado unahitaji mikono. Tafiti za 1989, 1993 na 1998 hazikufika hata kuwahesabu watu wa kaskazini-mashariki. Asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Shule inapunguza uzazi kwa kiasi gani? Mwaka 2022 mwanamke ambaye hakusoma alikuwa na wastani wa watoto 6.3, na aliyepita sekondari 2.8.

Je, wajua kwa nini watu wanaendelea kuongezeka ilhali uzazi umeshuka kwa zaidi ya nusu? Kenya ilikuwa na watu milioni 15.3 mwaka 1979 na milioni 47.6 mwaka 2019. Wale mabinti wengi wa familia za watoto wanane walikua, wakawa mama wengi. Hata kila mmoja akizaa watatu tu, watatu mara mamilioni mengi ya akina mama ni watoto wengi. Ni kama lori linaloshuka mlimani na mzigo: dereva amekwisha kukanyaga breki, nalo bado linakwenda. Kwa hiyo anayesema uzazi wa mpango ulishindwa kwa sababu Nairobi imejaa hajaelewa hesabu.

Je, wajua majirani wako wapi? Uganda ilikaa 6.9 hadi mwanzo wa karne hii, kisha ikafika 5.2 mwaka 2022. Tanzania ilitoka 6.2 mwaka 1991 na 1992, ikafika 4.8 mwaka 2022. Mwendo wa polepole, na matumizi ya njia za kisasa hayakuongezeka kati ya 2015 na 2022. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa 6.6 mwaka 2013 na 2014. Rwanda ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Kutoka 6.1 mwaka 2005 ilishuka hadi 4.6 mwaka 2010, kwa sababu matumizi ya njia za kisasa miongoni mwa walioolewa yalipanda kutoka asilimia 10 hadi 45 katika miaka hiyo mitano. Bima ya afya ilisambazwa, wahudumu wa afya wa vijijini wakapewa mafunzo, na kazi ikafanywa mfululizo.

Je, wajua kwamba asilimia 14 ya wanawake walioolewa Kenya mwaka 2022 walitaka kuacha kuzaa au kupumzika, na hawakuwa wakitumia njia yoyote? Mwaka 2025 Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya afya kwa nchi kama Kenya. Tumekwisha kuona, kati ya 1998 na 2003, kinachotokea ghala likikauka. Safari hii serikali ya taifa na za kaunti haziwezi kusema hazikujua.

Na je, wajua kuhusu wasichana? Mwaka 2022, kati ya wasichana 100 wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamewahi kupata mimba. Katika kaunti za Nyeri na Nyandarua walikuwa watano kati ya 100. Samburu walikuwa 50. Sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua ipo Kenya tangu mwaka 1994. Mzazi akimpeleka bintiye na kitabu chake, mwalimu mkuu anatakiwa kumpokea.